Shajara ya mradi: daftari la sheria za anga kwa rubani mwanafunzi

12 Januari. Kuanza

Nataka kutengeneza daftari moja na kadi za kujipima, vyote kwa Kiswahili, vya kumfikisha rubani mwanafunzi kwenye mtihani wa sheria za anga akiwa anaelewa anachokijibu. Nimeanza kuruka na mkufunzi, na nimeona kwamba kati ya masomo yote ya darasani hili ndilo linalokaririwa usiku wa kuamkia mtihani na kusahaulika keshoye. Mimi silitaki limalizikie kwenye karatasi ya mtihani. Ndilo somo linaloniambia ndege iliyo mbele yangu itafanya nini, hata kama sijawahi kusema neno na rubani wake.

Vifaa: daftari la kurasa 200, kadi tupu 300, kalamu za rangi tatu, Mkataba wa Chicago, viambatisho vyake vinavyomhusu rubani, na kanuni za mamlaka itakayonipa leseni. Muda: angalau saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki. Nitaandika saa zilizotumika kila hatua, kwa kuwa ndizo gharama yenyewe.

Atakayenakili kazi hii aelewe jambo moja tangu mwanzo. Ninachoandika hapa ni kanuni za msingi za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kinachokufunga wewe ni sheria ya nchi unayorukia. Pale zinapotofautiana, futa yangu uandike ya kwenu.

19 Januari. Kusoma mkataba tangu mwanzo hadi mwisho: imeshindikana

Nilipanga kusoma Mkataba wa Chicago wote, ibara ya 1 hadi ya 96, nikitengeneza kadi moja kwa kila ibara. Nimetumia saa 7 na kusimama njiani. Kuanzia ibara ya 43 mkataba unaingia kwenye muundo wa ICAO yenyewe: baraza, mikutano, bajeti. Ni mambo ya maana kwa anayeendesha shirika, lakini mwanafunzi anayejifunza kutua na upepo wa ubavu hayamsaidii kitu. Nilikuwa na kadi 40 na sikuweza kueleza hata moja kwa maneno yangu.

Nimezichambua na kubakiza nane. Mkataba ulitiwa saini tarehe 7 Desemba 1944 na nchi 52, ukaanza kutumika tarehe 4 Aprili 1947. Ibara ya 1 inasema kila nchi ina mamlaka kamili na ya pekee juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake, na ya 2 inahesabu maji ya pwani ya nchi hiyo kuwa sehemu ya ardhi hiyo. Ibara ya 12 inakutaka ufuate kanuni za mahali ulipo, na juu ya bahari kuu zinazotumika ni zile zilizowekwa chini ya mkataba wenyewe. Ya 17 na ya 18: ndege ina uraia wa nchi iliyoisajili, na haiwezi kusajiliwa nchi mbili kwa wakati mmoja. Ya 29 ni hati za kubeba ndani ya ndege katika safari za kimataifa. Ya 37 na ya 38 zinahusu viwango na mapendekezo ya ICAO, jambo nitakalolirudia chini, maana ndilo lililonigharimu zaidi.

Marekebisho: usianze na mkataba. Anza na Kiambatisho cha 2, Kanuni za Anga, kisha urudi kwenye mkataba kila unapojiuliza kanuni hii imepata wapi nguvu. Ibara ileile iliyokuwa ukuta siku ya kwanza husomeka vizuri ukiijia na swali mkononi.

2 Februari. Kosa la neno "inapaswa"

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote mpaka sasa, nami naliandika kwa kirefu kwa sababu anayetafsiri sheria kwa Kiswahili atalifanya bila kujua.

Nilikuwa nimeshatengeneza kadi 118. Karibu kila moja ilikuwa na neno "inapaswa": rubani anapaswa kupisha, cheti kinapaswa kuhuishwa, taa zinapaswa kuwashwa. Kiswahili changu kilisomeka vizuri. Kisha nikafika Kiambatisho cha 1, sehemu ya vyeti vya afya vya rubani binafsi, nikaandika kadi tatu: cheti hudumu miezi 60, ukishavuka miaka 40 kinapaswa kupungua hadi miezi 24, ukishavuka miaka 50 kinapaswa kupungua hadi miezi 12. Nikampa mkufunzi asome. Akauliza: "Hii ya 24 na hii ya 12, zina uzito sawa?" Nikajibu ndiyo, si yote inapaswa? Akanirudisha kwenye maandishi ya awali ya Kiingereza.

Hazina uzito sawa. Ya miaka 40 imeandikwa kwa "shall", yaani ni kiwango. Ya miaka 50 imeandikwa kwa "should", na mbele yake kuna neno la kuonyesha kwamba ni pendekezo. Viambatisho vimejengwa juu ya tofauti hiyo. Kiwango ni jambo ambalo utekelezaji wake wa namna moja umekubaliwa kuwa wa lazima kwa usalama au utaratibu wa usafiri wa anga. Nchi isiyoweza kukifuata inalazimika, kwa ibara ya 38, kuiarifu ICAO kwamba sheria yake inatofautiana. Pendekezo ni jambo linaloonekana kuwa jema, na nchi zinajitahidi kulifuata. Hata uchapaji unatofautiana: viwango viko kwa herufi za kawaida, mapendekezo kwa herufi za mlazo.

Neno "inapaswa" katika Kiswahili chetu linabeba vyote viwili. Mzazi akisema "unapaswa kumsalimia shangazi" hatujui kama ni amri au ushauri. Sauti yake ndiyo inayotuambia. Kwenye karatasi hakuna sauti. Kwa hiyo kadi zangu 118 zilikuwa zimefuta mpaka ambao sheria yote imeegemea.

Nilivyorekebisha: neno "inapaswa" nimelipiga marufuku kwenye daftari. Nimebaki na maneno manne tu. "Lazima" ni kwa kiwango. "Inapendekezwa" ni kwa pendekezo. "Inaruhusiwa" ni kwa hiari ya rubani au ya nchi. "Ni marufuku" ni kwa katazo. Kila kadi inaanza na mojawapo ya maneno hayo, kabla hata ya kutaja jambo lenyewe, kwa kalamu ya rangi yake. Sheria za taifa nazo nimezipitia kwa jicho hilohilo, kwani nchi inaweza kulichukua pendekezo la ICAO na kuligeuza lazima nyumbani kwake. Kadi ya aina hiyo inaandikwa mistari miwili, wa kimataifa na wa kitaifa.

Gharama: saa 16 kwa hatua hii, 9 kati yake ni kuandika upya. Kadi 118 zimetupwa. Sijutii hata moja. Tangu nianze kuandika neno la nguvu mbele, nasoma kanuni kwa utulivu zaidi, kama mtu anayejua sauti ya anayezungumza.

10 Februari. Viambatisho ni 18 au 19?

Kosa dogo, ila lilikula saa 3. Mwenzangu alinipa muhtasari wa zamani wa darasani nikaunakili kama ulivyo. Ulisema viambatisho ni 18. Ni 19: cha mwisho, kinachohusu usimamizi wa usalama, kilianza kutumika Novemba 2013. Sikusikitikia hiyo namba. Nilichojiuliza ni mengine mangapi kwenye muhtasari ule yalikuwa yamepitwa na wakati bila kuonyesha dalili.

Marekebisho: kila kadi sasa ina tarehe nyuma na namba ya toleo la chanzo. Hati isiyo na tarehe haiingii kwenye daftari. Mfumo wenyewe wa taarifa za anga unafanya hivyohivyo: mabadiliko makubwa ya ramani na taratibu hutolewa kwa mzunguko wa siku 28 ili marubani wote wabadilishe kurasa siku moja, na ya ghafla hutoka kwa NOTAM, yaani tangazo fupi kwa marubani. Mimi nimejiwekea ukaguzi wa kadi kila siku 28.

Kwa mwanafunzi, viambatisho vya kufungua mapema ni cha 1 (leseni), cha 2 (kanuni za anga), cha 6 (uendeshaji wa ndege), cha 7 (alama za uraia na usajili), cha 8 (ubora wa ndege kuruka), cha 11 (huduma za uongozaji), cha 12 (utafutaji na uokoaji), cha 13 (uchunguzi wa ajali), cha 14 (viwanja) na cha 15 (taarifa za anga). Vingine inatosha kujua vipo na vinahusu nini.

23 Februari. Kulia kwa nani?

Kanuni za kupishana nilizitengea siku tatu. Zimechukua wiki mbili na saa 12.

Nilianza kwa kutunga maneno mafupi ya kukumbuka. "Wakikabiliana, wote kulia." "Wakikingamana, mpishe wa kulia." "Ukimpita mwenzako, pita kulia." Yalikaririka upesi, nami nikaridhika. Wiki moja baadaye nikajipima: maswali 20 ya kupishana, nikapata 11. Nilipoyachunguza makosa, yote yalitoka chanzo kimoja. Neno "kulia" lilikuwa linafanya kazi tatu tofauti: upande wa kugeukia, upande aliko mwenzio, na upande wa kumpitia. Swali likinionyesha ndege mbili kwa juu, kama ramani, nilikuwa nachagua kulia kwa karatasi.

Jaribio la pili lilikuwa michoro. Nilichora hali 12 kwa kalamu. Ikasaidia kidogo tu, kwa sababu mchoro haugeuki na kichwa cha rubani.

Kilichofaulu ni kadibodi. Nilikata ndege mbili za ukubwa wa kiganja, nikapaka ncha ya bawa la kushoto nyekundu, la kulia kijani, na mkia nikauacha mweupe, kama zilivyo taa zenyewe. Kisha nikapima pembe kwa rula ya nusu duara. Taa nyekundu huonekana kuanzia mbele kabisa hadi nyuzi 110 kushoto, ya kijani vilevile kulia, na nyeupe ya mkiani inajaza nyuzi 140 zilizobaki nyuma. Jumla 360, bila pengo.

Hapo nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekisoma mara nyingi bila kukielewa. Kanuni inasema unampita mwenzio ikiwa unamjia kwa nyuma kwenye pembe isiyofika nyuzi 70 kutoka mstari wa katikati wa ndege yake. Sabini kila upande ni 140. Ni taa ileile nyeupe! Usiku, ukiona nyeupe tu, bila nyekundu wala kijani, wewe ndiwe unayempita: yeye ana haki, nawe lazima ugeuze kulia kwako ujitenge naye mpaka umpite na kumwacha mbali. Waliopanga taa na waliopanga kanuni walikuwa wanazungumza lugha moja.

Kukingamana nako kukajieleza. Ndege iliyo kulia kwangu ikiikata njia yangu inanionyesha bawa lake la kushoto, yaani nyekundu. Nyekundu upande wangu wa kulia: mimi lazima nipishe. Iliyo kushoto kwangu inanionyesha kijani: yeye ndiye wa kunipisha. Nikiona nyekundu na kijani pamoja, tunakabiliana, na kila mmoja anageuza kulia kwake.

Marekebisho kwenye kadi: neno "kulia" haliruhusiwi kusimama peke yake. Ni "kulia kwangu" au "kulia kwake", kila mara. Baada ya hapo nilijipima tena kwa maswali yaleyale 20, nikapata 19.

Bado lilibaki moja lililonikosesha, nami naliandika ili mwenzangu asinaswe. Niliona kwenye picha taa nyekundu inayometameta juu ya ndege nikaihesabu kuwa ya bawa. Ile ni ya kuzuia mgongano, huonekana pande zote, na haikuambii ndege inaelekea wapi. Tafuta nyekundu iliyotulia.

Mambo mengine ya kupishana niliyoyapanga kwenye kadi moja moja: ndege yenye injini inapisha glaida, puto na chombo cha anga chenye injini kilicho chepesi kuliko hewa, na pia ndege inayoonekana ikivuta kitu. Inayotua au iliyo hatua za mwisho za kutua inapishwa na wengine wote, walio angani na walio chini. Zikija mbili kutua, ya juu inaipisha ya chini, lakini ya chini ni marufuku kuitumia nafasi hiyo kujipenyeza mbele ya mwenzake. Na anayepisha ni marufuku kupita juu, chini au mbele ya mwenzake, isipokuwa awe mbali vya kutosha.

Kadi moja nimeizungushia mstari mwekundu. Mwenye haki ya kupita lazima ashike uelekeo na kasi yake, ili mwenzake ajue cha kufanya. Lakini hakuna kanuni inayomwondolea rubani kiongozi wajibu wa kuepuka mgongano. Nikimwona mwenzangu haniangalii, nageuka. Haki ya njia si ngao.

8 Machi. Neno "urefu" nalo limeondoka

Baada ya "inapaswa" na "kulia", nilidhani lugha imeshaninasa vya kutosha. Kumbe bado "urefu". Nilikuwa naandika urefu wa futi 1,000, urefu wa futi 5,500, urefu wa 65, na kila mmoja unapimwa kutoka mahali pengine.

Kosa lilijitokeza kwenye swali la kuruka juu ya mji. Kanuni: juu ya makazi yenye msongamano, lazima uwe angalau futi 1,000 (mita 300) juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya mita 600 kutoka ulipo. Kwingineko ni futi 500 (mita 150) juu ya ardhi au maji. Swali lilisema mji uko futi 2,200 juu ya usawa wa bahari na una mnara wa futi 300. Nikaandika 3,200. Nilijumlisha ardhi na 1,000, mnara nikausahau, kwa hiyo ndege yangu ilipita futi 700 tu juu ya ncha yake. Jibu ni 2,200 na 300 na 1,000: altimeta (kifaa kinachoonyesha uko juu kiasi gani) iliyowekwa QNH, yaani shinikizo la usawa wa bahari, isome 3,500 au zaidi.

Sasa natumia maneno matatu. Kimo ni kutoka ardhini au juu ya uwanja. Altimeta iliyowekwa QFE, yaani shinikizo la uwanjani penyewe, husoma sifuri ukiwa uwanjani. Mwinuko ni kutoka usawa wa bahari, kwa QNH. Ngazi ya kuruka ni kutoka shinikizo sanifu la hektopaskali 1013.2, na huandikwa kwa mamia, ngazi 65 ikiwa futi 6,500 za shinikizo hilo. Neno lisilojulikana linapimwa kutoka wapi haliingii kwenye kadi. Nimeongeza pia zoezi la shinikizo: ukiondoka mahali penye 1018 ukafika penye 1008 bila kugusa altimeta, uko takriban futi 300 chini ya unavyodhani, maana kila hektopaskali karibu na usawa wa bahari ni futi 30 hivi.

Kanuni ya nusu duara ilinikosesha mara mbili zaidi. Juu ya futi 3,000 kutoka ardhini, anayeruka kwa kuona (kwa macho yake, si kwa kutegemea vifaa) hushika elfu witiri na 500 (3,500, 5,500, 7,500) kama njia yake ya sumaku iko kati ya nyuzi 000 na 179, na elfu shufwa na 500 (4,500, 6,500) kati ya 180 na 359. Kosa la kwanza: njia yangu ilikuwa 172, lakini upepo wa kulia kwangu ulinilazimu kuelekeza pua 181, nami nikachagua 4,500 kwa kufuata pua. Kinachohesabika ni njia juu ya ardhi, ilikuwa 5,500. La pili: nilipima 176 kwenye ramani nikachagua witiri, nikasahau kwamba ramani hunipa kaskazini halisi. Mahali pale dira ilitofautiana kwa nyuzi 6 magharibi, ambazo hujumlishwa, njia ikawa 182, yaani shufwa.

Nimetengeneza mstari mmoja wa kujaza kabla ya kuchagua: njia ya ramani, tofauti ya dira, njia ya sumaku, ngazi. Uelekeo wa pua haupo kabisa kwenye mstari huo, ili usipate nafasi ya kunichanganya. Gharama ya hatua hii: saa 11.

15 Machi. Taa za mnara

Saa 4. Ishara ambazo mnara wa uongozaji humpa rubani ni kumi za taa na fataki moja nyekundu, ambayo maana yake ni usitue kwa sasa, hata kama uliambiwa vingine kabla. Jedwali nililiweka kwa rangi. Nikawa najibu maana ya chini nikiwa angani. Nimelipasua likawa karatasi mbili, na swali la kwanza ni kila mara "uko wapi?"

Angani: kijani tulivu, ruhusa ya kutua. Nyekundu tulivu, pisha wengine uendelee kuzunguka. Kijani cha kumetameta, rudi utue. Nyekundu ya kumetameta, uwanja si salama, usitue. Nyeupe ya kumetameta, tua uwanja huu uende maegesho. Chini: kijani tulivu, ruhusa ya kupaa. Nyekundu tulivu, simama. Kijani cha kumetameta, ruhusa ya kutembea uwanjani. Nyekundu ya kumetameta, ondoka eneo la kutua linalotumika. Nyeupe ya kumetameta, rudi ulipoanzia.

Mwenzangu alinimulikia tochi yenye karatasi za rangi kutoka mwisho wa ukumbi. Mara ya kwanza nilikosa moja: kijani cha kumetameta angani niliitika kama ruhusa ya kutua. Siyo. Inakuita urudi; ruhusa ya kutua itakuja baadaye. Unaitika kwa kutikisa mabawa mchana, na usiku kwa kuwasha na kuzima taa za kutua mara mbili. Zoezi hili nalipendekeza sana, dakika kumi za gizani zinashinda saa nzima ya jedwali.

29 Machi. Madaraja ya anga

Saa 8, na jedwali la madaraja ambayo anga hugawanywa, herufi A hadi G, nimelinakili mara nne bila faida. Lilipokubali ni nilipoliuliza maswali matatu tu, kwa upande wa anayeruka kwa kuona. Naruhusiwa kuingia? Kote, isipokuwa A. Nahitaji kibali cha mwongozaji? B, C na D, ndiyo. E, F na G, hapana. Nani ananitenganisha na nani?

Hilo la tatu ndilo lililonifumbua macho. Niliamini kwamba nikishapewa kibali, mwongozaji amenitenganisha na wengine. Katika B ni kweli, na kila mtu. Katika C natenganishwa na wanaoruka kwa vifaa, lakini kuhusu wenzangu wa kuona naarifiwa tu. Katika D sitenganishwi na yeyote! Naambiwa kuna ndege fulani mahali fulani, kisha kuiona na kuiepuka ni kazi yangu. Nilikuwa nimeruka mara sita ndani ya D nikidhani kuna mkono unaonishika. Tangu siku hiyo nikisikia taarifa ya ndege nyingine redioni natafuta kwa macho hadi niione, na nisipoiona nasema sijaiona.

Si kila nchi inatumia madaraja yote saba. Andika ya kwenu tu. Umbali wa kuona na wa mawingu nimeuweka kwenye kadi hizohizo: kilomita 8 kuanzia futi 10,000 kwenda juu, kilomita 5 chini yake, na mita 1,500 kwa ubavu na futi 1,000 juu au chini kutoka kwenye wingu. Katika F na G karibu na ardhi, kwenye futi 3,000 za mwinuko au chini, au futi 1,000 za kimo kama hizo ndizo za juu zaidi, inatosha kuwa nje ya wingu na kuiona ardhi, umbali wa kuona ukibaki kilomita 5.

5 Aprili. Hati, leseni, dharura

Saa 3, bila tatizo. Leseni ya rubani binafsi: umri miaka 17, saa 40 za kuruka (au 35 ukisomea ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa), kati yake 10 peke yako na 5 za safari peke yako, mojawapo iwe na jumla ya kilomita 270 na kutua kabisa viwanja viwili tofauti. Transponda (kifaa cha ndege kinachoijibu rada kwa namba): 7500 kutekwa, 7600 redio kuharibika, 7700 dharura. Masafa ya dharura 121.5. Kiambatisho cha 13: uchunguzi wa ajali lengo lake pekee ni kuzuia nyingine, si kugawa lawama.

19 Aprili. Jaribio la mwisho

Saa 6. Maswali 60 aliyoyachanganya mkufunzi, nimepata 57. Matatu niliyokosa: moja la mpango wa safari, na mawili ambayo sheria ya taifa inatofautiana na ICAO nami nilijibu kwa ICAO. Mstari wa pili wa kadi hizo sikuwa nimeujaza. Sasa umejazwa.

Jumla saa 70. Kati ya hizo, 23 ni kurekebisha makosa niliyoyaandika hapo juu. Anayeanza na maneno manne ya nguvu, kulia kwa mwenyewe, na vipimo vitatu vya juu, anaweza kuziokoa nyingi. Kadi zilizobaki ni 164. Nikiiona mbele yangu ndege ileile inayoulizwa kwenye kadi, kadi hiyo inahamia bahasha ya zilizokwisha.

3 Mei. Somo la kwanza la usiku

Dakika 50 na mkufunzi. Tukiwa njiani kurudi, mwinuko 3,500, niliona nyekundu tulivu kulia kwangu, mbele kidogo. Nilihesabu hadi kumi. Haikusogea kwenye kioo, ilikuwa inakua tu. Nikasema, "Kulia kwangu, nyekundu, nampisha, napita nyuma yake." Mkufunzi hakujibu, alikuwa ameshaiona. Nikageuza kulia hadi nyekundu ikahamia kushoto kwa pua, kisha ikazimika, ikabaki nyeupe peke yake ikienda zake. Nikarudi kwenye njia.

Kadi ya 31 imehamia kwenye bahasha. Zimebaki 163.